Mpaka wa Hotspur na mpaka wetu

Nilipohamia Northumberland, kaskazini kabisa mwa Uingereza, kilichonishangaza kuliko baridi ni kondoo. Wanalala mlimani usiku kucha, mamia kwa mamia, bila mchungaji wala boma la miiba. Mimi ni mzaliwa wa Tarime, karibu na Sirari, na kwetu mfugo ukilala nje hesabu umeshavuka mpaka kabla jogoo hajawika. Miezi ya mwanzo, nikitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nilikuwa nawatazama kondoo wale kupitia dirisha la basi, moyo ukinidunda kana kwamba ni wa baba yangu.

Kumbe nchi hii nayo ilikuwa Tarime, tena kwa miaka mia tatu.

Wanaoshabikia Tottenham Hotspur, na kwetu wapo wengi, wanalitaja jina la mtu wa huku kila wikiendi. Hotspur alikuwa Sir Henry Percy, aliyezaliwa mwaka 1364, mtoto wa bwana mkubwa wa Northumberland. Jina la utani alipewa na Waskoti kwa kasi yake vitani: ni kile chuma cha kisiginoni ambacho mpanda farasi humchomea farasi aongeze mbio, na chake kilisemwa hakipoi. Ukoo wake ulikuja kumiliki ardhi kule Tottenham, ndipo klabu ikachukua jina hilo. Kazi yake hasa ilikuwa kuulinda mpaka wa Uingereza na Uskoti kwa niaba ya mfalme wa Uingereza.

Agosti 1388, James Douglas wa Uskoti alivuka mpaka na jeshi lake, wakachoma na kuteka mali hadi malango ya Newcastle. Masimulizi ya wakati ule yanasema kwamba katika mapigano ya hapo langoni Douglas aliinyakua bendera ndogo ya mkuki wa Hotspur, akaapa kwenda kuitundika kwenye ngome yake. Hotspur akaapa kwamba haitatoka Northumberland. Akawafuata mwendo wa kama kilomita 50 mpaka Otterburn, akafika jioni na watu wake wamechoka, akaingia vitani hapohapo. Walipigana usiku. Douglas aliuawa, lakini Waskoti wake wakashinda, na Hotspur akatekwa.

Hakuuawa, kwa sababu bwana mkubwa aliye hai ni fedha. Alikombolewa kwa fidia nene, na Waskoti husimulia kwamba fedha hiyo ndiyo iliyojenga ngome ya Polnoon. Mwaka 1402 ilikuwa zamu yake: pale Homildon Hill wapiga mishale wa Kiingereza waliwaangamiza Waskoti waliokuwa wakirudi na mateka yao, na Douglas mwingine, Archibald, akashikwa. Mfalme Henry IV akakataza mateka wasikombolewe bila idhini yake, na huku akina Percy wakilalamika kwamba hawajalipwa fedha zao za kulinda mpaka. Mwaka uliofuata Hotspur aliasi, na aliyesimama upande wake vitani Shrewsbury ni yuleyule Douglas aliyekuwa mateka wake. Hotspur aliuawa tarehe 21 Julai 1403, na kichwa chake kikatundikwa kwenye lango la York.

Leo ana sanamu ya shaba mjini Alnwick, iliyosimamishwa mwaka 2010, na Otterburn kuna nguzo ya mawe ya ukumbusho wa vita ile.

Mimi nawawaza zaidi waliochomewa nyumba. Vizazi vya baadaye, wakulima wa mabonde haya walijenga nyumba za mawe zenye kuta nene, ng'ombe chini, watu juu, ngazi ikavutwa ndani usiku. Zipo hadi leo, nimeingia moja. Na sheria ya mpaka ilimruhusu aliyeibiwa kuvuka upande wa pili kufuata mifugo yake ndani ya siku sita, na mbwa na baragumu, na bonge la udongo mkavu wa majani na mizizi linalowaka kwenye ncha ya mkuki ili kila mtu aone kwamba huyu anafuata haki yake. Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu. Kwetu ni yowe na kufuata nyayo, na kijiji ambako nyayo zimekomea ndicho kinachojibu.

Nilikuwa darasa la nne waliposwagwa ng'ombe wa baba, kumi na saba. Nyayo zilikomea kwenye mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 bila kumuuliza Mkurya yeyote. Wairegi wako pande zote mbili, Wanyabasi vilevile. Baba alirudi na fimbo yake tu.

Nyumba ya wazee namhudumia mzee mmoja aliyefuga kondoo maisha yake yote. Hapa wazee wanataka uwaite kwa jina la kwanza, jambo ambalo ulimi wangu bado unalikataa. Mimi namwita babu, na amelipenda. Alinionyesha jina la ukoo wake kwenye kitabu cha koo za wavamizi wa mpakani. "Tulikuwa wezi wakubwa," akasema, kifua mbele. Akaniuliza natoka wapi. Nikajibu Mara, kama ninavyojibu siku zote, kwa sababu Tarime nikiitaja mbele ya Watanzania wenzangu, hata hapa Newcastle, wapo wanaocheka na kuuliza kama nimekuja na panga.

Hilo ndilo linaloniuma. Watu wa huku hawakutulia kwa kubadilishwa damu. Mwaka 1603 mfalme wa Uskoti alirithi na kiti cha Uingereza, na hakukuwa tena na upande wa pili wa kukimbilia. Ilikuwa kazi ya ukatili, wengi walinyongwa na wengine wakapelekwa Ireland kwa nguvu, nami simtakii hayo mtu wa kwetu. Lakini hakuna anayesema leo kwamba watu wa Redesdale, bonde ilipo Otterburn, ni wezi wa asili. Sisi tunaambiwa hivyo na watu waliosoma, na habari zetu tumewaachia polisi waziandike.

Nilirudi kwa babu kesho yake nikamwambia: Tarime. Akataka kujua nyayo zinafuatwaje, na nani analipa.

Yako mambo sikuweza kumjibu, kwa hiyo Jumapili nilimpigia baba na kumwomba anisimulie usiku ule tangu mwanzo, ninaandika. Alinyamaza kidogo. Kisha akaanza na ng'ombe, mmoja mmoja, kwa rangi na pembe, na yupi alizaliwa na yupi. Tulifika wa kumi na moja, salio likakata.