Likizo ya Kumtega Rakuni

Nani aliwadanganya watunga sheria wa Ohio, huku Marekani, kwamba rakuni, yule mnyama wa manyoya mwenye barakoa nyeusi usoni, ana kalenda? Msimu wa kumtega unafunguliwa tarehe 10 Novemba na kufungwa tarehe 31 Januari. Kumi Novemba iangukie Jumapili ya kanisa, iangukie Jumatatu ya malori yamepanga foleni getini, haisogei. Joto likiwepo, ndiyo hiyo hiyo. Mafuriko yakiwepo, ndiyo hiyo hiyo. Na kazini kwetu, ghalani, anayetaka likizo ya Novemba anaiomba Agosti.

Agosti, ndugu zangu! Shati limekugandia mgongoni, foklifti inanuka mpira ulioungua, halafu msimamizi anakuuliza mwezi wa kumi na moja utataka siku gani. Nitajuaje? Wale wa televisheni wenye satelaiti zao, kesho tu inawatoa jasho. Nikamtajia wiki ya tarehe 10. Akauliza ya nini. Nikamwambia ya kutega rakuni. Akanitazama kidogo, akaandika "mambo ya familia".

Na kweli ni mambo ya familia, maana rakuni ndiye aliyeanza. Magharibi ya Columbus, upande wa kijito cha Big Darby, yuko mzee mmoja mkulima aliyenipa kipande cha ardhi nijishikize. Nikapanda mchicha na mahindi meupe, yale ya ugali, siyo haya ya njano yenye sukari. Yakanenepa vizuri. Mimi napanga Jumamosi nikachume ya kuchoma, mwenzangu ameshapita Ijumaa usiku. Tena hali akashiba kistaarabu. Analaza bua, anamenya hindi, anang'ata sehemu mbili tatu, anatupa, anahamia la pili kuonja kama lina tofauti. Asubuhi shamba lilikuwa kama ukumbi wa harusi kabla wafagiaji hawajafika. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Njoo Novemba," akasema, "tutaonana naye."

Kumbe kuonana naye kuna makaratasi. Leseni ya uwindaji, juu yake kibali cha wanyama wa manyoya, na mgeni kama mimi anaanza na kozi ya utegaji. Ruhusa ya mwenye shamba lazima iwe ya maandishi, hata kama mwenye shamba mwenyewe amesimama ubavuni mwako anakunywa kahawa. Kila mtego uwe na kibati cha kukutambulisha, na kila siku ya Mungu ukaukague, uwe umelala au umetoka shifti ya usiku. Haya, nikasoma, nikalipa, nikasaini. Binadamu nikamalizana nao. Zikabaki mbingu, na mbingu hazina dirisha la malalamiko.

Anza na mvua ya Oktoba. Ikizidi, mahindi hayakauki, ardhi inakuwa tope, kombaini haiwezi kuingia. Novemba inafika mahindi ya mzee bado yamesimama, ekari kwa ekari. Sasa rakuni anayelala katikati ya chakula, na maji ya mtaro yako hapo hapo, atoke kwa shida gani aje kijitoni kunusa chambo changu? Hata mimi nisingetoka. Mvua ikikataa nayo, kombaini ikapita mapema, shamba likabaki jeupe, utasikia miti ya mwaloni imeamua mwaka huu ndio wa kuzaa. Mbegu zinadondoka usiku kucha, ta, ta, ta, na bwana mkubwa anashiba bila kutoka msituni.

Mzee ana simu yenye utabiri wa saa kwa saa, lakini anamwamini kiwavi. Sitanii. Kuna kiwavi wa manyoya huku, mweusi mbele na nyuma, kahawia katikati. Wanasema ule mkanda wa kahawia ukiwa mpana, baridi itakuwa ya upole. Weusi ukizidi, tafuta kuni. Kule Vermilion, ufukweni mwa Ziwa Erie, kila vuli wanamfanyia tamasha, na viwavi wanashindanishwa mbio huku watu wazima wanapiga kelele. Aliyelianzisha tamasha hilo miaka ya 1970 ni Dick Goddard, mtangazaji wa hali ya hewa wa televisheni. Mtaalamu wa hali ya hewa! Yeye mwenyewe akaona aheri mdudu. Mzee akamwokota mmoja njiani, akavaa miwani, akamgeuza, akatangaza, "Wastani." Mzee wangu, mimi nimeweka rehani likizo ya mwaka, unanipa wastani?

Tarehe 10 yenyewe ikaamka na nyuzi 20. Vijana wamevaa kaptula, inzi wamefufuka. Rakuni anatembea sana usiku wa vuguvugu, hilo sikatai. Ila ukimpata siku hizo, ngozi upande wa ndani imejaa weusi wa bluu, manyoya hayajakomaa, na usipowahi kumchuna yanaanza kung'oka mkononi. Nikasema basi, tungoje baridi imvalishe koti. Mzee akatikisa kichwa. Manyoya hayangoji baridi, anasema, yanangoja mchana ufupike. Hata joto likae, siku zikishafupika yanakomaa kwa ratiba yake, na koti zuri linakamilika mwisho wa Novemba kuelekea Desemba. Yaani mnyama ana ratiba, jua lina ratiba, serikali ina ratiba, na zote tatu hazijawahi kukaa kikao kimoja. Likizo yangu ndiyo inayolipia nauli zao.

Mtego wenyewe ni kibomba cha chuma kilichosimikwa wima ardhini. Mdomo wake ni wa kupitisha mkono wa rakuni tu, mbwa haponzeki. Chini kabisa unatia mashimelo, zile pipi laini nyeupe, kwa sababu ukitia samaki utakesha ukiwaomba radhi paka wa watu. Rakuni anachungulia, anazamisha mkono, anapapasa, anavuta, kifyatulio kinambana. Nadhani aliyekibuni alikuwa amemsoma vizuri: yule hapiti tundu bila kutia vidole.

Aliyekibuni hakuisoma vuli ya Ohio. Jioni ikanyesha, maji yakajaa kibombani, mashimelo yakawa uji. Usiku upepo ukageukia kaskazini. Asubuhi nakuta sakitu imetanda kwenye kila jani, na ule uji umeganda umekikumbatia kifyatulio. Nikachuchumaa, vidole havina habari na mimi, nikaingiza bisibisi, nikakwaruza, nikapuliza, nikabembeleza, mpaka gogo la barafu tamu likachomoka zima zima, refu la kidole, lenye povu jeupe katikati. Pembeni, kwenye tope lililoganda, alama ya mkono mdogo wa vidole vitano, kila kucha inaonekana. Amefika, amezamisha mkono, amepapasa, ameramba, amekwenda zake. Mzee akaniambia dawa yake ni kuufunika mdomo na kifuniko chepesi ambacho rakuni atakiondoa mwenyewe. Nikafunika yote. Mvua haikunyesha tena wiki nzima.

Likizo ikaisha, na huku saa zimesharudishwa nyuma, ule ushenzi wa Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kabla ya saa kumi na mbili jioni ni giza la kufumba jicho. Natoka ghalani, naingia shambani na tochi kipajini na koti la chungwa linalowaka, maana Jumatatu inayofuata Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unafunguliwa wiki nzima, na mimi sitaki kuzikwa kwa jina la kulungu. Mama Neema ananipigia simu, "Baba Neema, uko wapi?" Niko kwenye mtaro, mama. "Unafanya nini?" Nakagua. "Umepata?" Hapo mtandao huwa unakatika.

Siyo kwamba ukipata unatajirika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ngozi moja nzuri ilikuwa inapita dola 25, na mzee anasema kuna waliolipa pango kwa mitego. Siku hizi ukipata dola chache umshukuru Mungu, na mnada mkubwa wa ngozi wa Kanada ulinaswa na madeni mwaka 2019. Petroli ya kwenda na kurudi peke yake inakula ngozi na mkia. Wapo wenye bahati zao: mwaka 1926 Rais Calvin Coolidge aliletewa rakuni kutoka Mississippi, aandaliwe kitoweo cha Thanksgiving. Badala ya sufuria akavishwa kola shingoni, akapewa jina Rebecca, akatembezwa Ikulu kwa kamba. Jike la rakuni, Novemba, ndani ya White House, na joto la nyumbani. Mimi raia mwema niko mtaroni.

Desemba ndipo koti lake linakuwa la kifahari. Basi ndipo theluji ikaanguka na baridi ikajikita chini ya sifuri, na rakuni akaenda kulala. Halali usingizi wa moja kwa moja wa msimu mzima, hapana, huo ungekuwa na adabu. Anajifungia kwenye pango la mti siku kadhaa, hata wiki kadhaa, anachoma mafuta aliyoyapata kwenye mahindi yangu, mpaka nje kupate joto kidogo. Katika majimbo ya kaskazini anaweza kumaliza baridi amepoteza hata nusu ya uzito. Na sheria inasema kila siku nikague. Nakagua theluji. Hakuna alama ya mguu isipokuwa zangu za jana.

Msimu ukafungwa 31 Januari. Nikang'oa vibomba, nikavisuuza, nikavipandisha darini. Februari ikaleta vuguvugu la siku mbili tatu, theluji ikayeyuka, matone yakawa yanadondoka kwenye paa. Sasa Februari ndiyo ndoa zao, madume yanatoka kutafuta wake, hayaogopi mtu. Saa tisa usiku nasikia mfuniko wa pipa la taka. Nikawasha taa ya uani. Dume, kifua hiki, mkia mnene, manyoya yanameta kila unywele. Nyuma yake jike, hana haraka. Dume likaniangalia kupitia dirishani, mkono mmoja bado umo ndani ya kopo la jana.

Mama Neema akageuka kitandani. "Zima taa, Baba Neema. Wenzako wana yao."