Tieni umeme kwenye sitari, lakini waya muuache uvutike

Mi tanpura, ile ala ya Kihindi ya nyaya inayovuma noti zile zile nyuma ya mwimbaji, niliijulia Mombasa, kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akifundisha muziki sebuleni kwake. Siku hiyo alikata kipande cha uzi wa pamba, huu huu wa kushonea, akaupitisha kati ya waya na daraja, yaani kile kipande ambacho nyaya zinakaa juu yake, halafu akawa anausogeza kwa ukucha huku mkono wa pili unapiga. Mwanzo sauti ilikuwa butu tu. Uzi ukasogea kama unene wa unywele hivi, na mara waya ukaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki, yaani sauti ndani ya sauti. "Hapo hapo, usiuguse tena," akasema.

Basi kila nikikuta watu wanabishana kuhusu ala za Kihindi kutiwa umeme, hawa wanalia utamaduni unakufa, wale wanasema dunia haisubiri mtu, nakumbuka ule ukucha. Mi umeme siuogopi hata kidogo. Ninachouliza ni kimoja tu, mkono wa mpigaji bado unaufikia waya au umeshafungiwa nje?

Maana sitari si gita lenye buyu jamani. Ina nyaya 18 mpaka 21 hivi, zinazopigwa ni 6 au 7, zilizobaki zimelala chini na zinaitikia zenyewe zikisikia noti yao, hizo wenyewe wanaziita taraf. Daraja lake ni pana na limekunwa likabaki na mbinuko mdogo sana, sasa waya ukitetemeka unalipapasa, ndo ule mvumo wanaouita jawari. Halafu kuna meend, kidole kinabana waya kinauvuta pembeni, na pale pale bila kuhama unapanda noti nne hata tano. Ukisikia sitari kama mtu analia ujue ni hapo.

Shida ni jukwaani. Buyu haliwezi kushindana na dramu, ukiweka maiki sauti ya spika inarudi ndani ya buyu, taraf nazo zinaanza kuitikia spika, unapata mlio wa kupasua masikio. Kuna harusi moja nilihudhuria fundi wa sauti akaona isiwe tabu akaizima maiki ya sitari kabisa, na yule kijana akaendelea kuvuta nyaya zake, tunaona vidole vinatembea lakini hatusikii kitu. Iliniuma sana. Na pikapu ya sumaku, kile kinasa sauti kinachofungwa karibu na nyaya, nayo inasikia chuma vizuri lakini zile nyaya nene za shaba inazisikia kwa mbali, so kufunga pikapu ya gita na kuondoka haitoshi.

Niladri Kumar, mpiga sitari wa India, aliamua kukata mzizi wa fitina, akatoa taraf zote, akabakiza nyaya 5, akatia pikapu, akaiita zitar. Huyu si mtu wa kuja, baba yake Kartick Kumar alikuwa mwanafunzi wa Ravi Shankar, yule gwiji wa sitari. Mi nikiisikiliza zitar zile taraf nazikosa kweli, lakini meend ipo yote, kidole bado kinavuta, kwa hiyo namkubali.

Na U. Srinivas, mpiga mandolini wa India, ndiye anayenifanya niwe mkali zaidi kwenye hili. Mandolini ya kawaida ina nyaya pacha, noti inakatika haraka, nani angedhani inaweza kubeba muziki wa Karnatiki, ule wa jadi wa India ya kusini, wenye noti za kuyumbishwa muda wote? Yeye akapiga ya umeme yenye nyaya 5 za mmoja mmoja. Waya mmoja unavutika vizuri, na amplifaya inaifanya noti iendelee mpaka amalize kuiyumbisha. Umeme ndio uliompa nafasi! Alifariki 2014 akiwa na miaka 45 tu, na bado sijapata wa kumlinganisha naye.

Sasa chukua kibodi yenye kitufe kimeandikwa sitari. Unabonyeza, noti inatoka imeshaiva, hakuna uzito wa waya hakuna kidole kinachochubuka. Ile gita ya umeme ya kuiga sitari, Coral ya kampuni ya Danelectro ya 1967, naisamehe, ni gita, ina daraja la kuiga mvumo na nyaya 13 za kuitikia pembeni, lakini angalau ina nyaya za kuvuta.

Sisi wa pwani pia haya tumeyaishi. Tashkota ya taarab ya Mombasa, ile ya vibonye kama taipu, ilibuniwa Nagoya kule Japani 1912, India ikaitwa bulbul tarang, huku kwetu ikafungwa pikapu ikaingia kwenye amplifaya. Haivutiki, ni kweli, ila pembeni yake kulikuwa na mwimbaji kama Juma Bhalo, na kuvuta kote kulikuwa kooni.

Tanpura ya kielektroniki nayo, ile aliyoanza nayo Raj Narayan wa Bangalore mwaka 1979, naipenda, mtu anafanya mazoezi usiku peke yake bila kutafuta wa kumpigia, na siku hizi iko hadi kwenye simu. Yule mzee alikuwa nacho kisanduku hicho, juu ya friji. Wanafunzi wapya anawawashia. Ukifika mwaka anakizima, anakupa tanpura na kipande cha uzi, anaenda zake jikoni kuchemsha chai.