Tairi pana kwenye lami na kwenye mchanga, mi nshachagua

Kila nikisimama kwenye kijiwe cha mafundi baiskeli hapa Tabora mjini lazima mtu aliguse tairi langu la nyuma, alibonyeze na kidole gumba alafu atikise kichwa. Wanasema nimejitwisha mzigo. Tairi lenyewe ni la inchi 26 kwa 2.35, yani upana wake kama milimita 60 hivi, na wao wote wanaapa kwa baiskeli ya Phoenix, ile nyeusi ya 28 kwa moja na nusu ambayo tairi lake ni kama milimita 40 tu. Mzee mmoja fundi, mtu ninayemheshimu sana maana ndo amenifundisha kunyoosha rimu, aliniambia "mwanangu, hilo litakumaliza magoti." Nikamjibu mzee, twende wote kule kwenye mizinga yetu ya nyuki siku moja alafu tuongee tukirudi.

Maana tatizo langu ni hilo hilo, watu wanalipima tairi pana kwenye lami. Wanapanda, wanazunguka nalo mpaka pale kona, wanarudi, wanasema zito. Na ni kweli ni zito! Mi silitetei kwenye lami hata kidogo. Ukiwa umeshika barabara ya Sikonge asubuhi, lami imenyooka, kuna kiubaridi, yale meno ya tairi yanavuma muda wote na unasikia kabisa kuna nguvu yako inapotelea chini kwenye mpira, mtu na Phoenix yake anakupita anakusalimia mwangaluka taratibu na wala hajatoka jasho. Kona nazo, ukitaka kukata haraka baiskeli inachelewa kulala, inabidi uisukume na mwili. Na lami yenye jua kali inakula meno, tairi la nyuma linaisha katikati wakati pembeni bado jipya kabisa.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mizinga yetu iko kusini huko, unaiacha lami unaingia njia ya mikokoteni katikati ya miyombo, kilomita 11 hivi, na mwezi wa saba mchanga umeshasagwa na kwato za ng'ombe na magurudumu mpaka umekuwa kama unga. Mwaka juzi nilitoka huko na Phoenix ya baba, nina ndoo moja ya asali kwenye keria. Ndoo ya lita 20 ikiwa asali si kama ikiwa maji, asali ni nzito, lita moja inakaribia kilo moja na nusu, kwahiyo hapo nyuma una kilo 28 zinazocheza. Gurudumu la mbele likawa linazama, usukani unajigeuza wenyewe, unashuka, unasukuma, unapanda mita 50 unashuka tena. Nilianza saa tisa alasiri nikafika lami saa moja jioni, giza limeshaingia, mikono inatetemeka. Na hili tairi pana, ndoo ile ile, njia ile ile, natumia saa moja na nusu na sehemu za kushuka ni mbili tu, pale kwenye korongo na pale ng'ombe wanaponyweshwa.

Kilichonifanya nielewe kwanini ni kitu cha mbali kabisa. Nilikuwa naangalia kwenye simu watu wa Austria na Ufaransa wanateleza kwenye theluji na vile vibao viwili vya miguuni, skii, nikakuta na wao wana ubishi huu huu. Huko milimani kuna njia ambazo mashine inazisawazisha na kuzishindilia zinakuwa ngumu na tambarare, na kwa njia hizo mtu anapenda kibao chembamba, katikati pale mguu unapokaa kina milimita 70 hivi, kwasababu ukikilaza upande kinauma theluji haraka na ukitaka kugeukia upande wa pili kinageuka hapo hapo. Ukitoka nje ya njia sasa, theluji laini ambayo haijakanyagwa, chembamba kile kinazama. Kwahiyo wapo wanaochukua kipana cha milimita 95 au 100, kinaelea juu, kinapita hata kwenye theluji iliyokwishavurugwa vurugwa na watu, lakini ukikirudisha kwenye njia ngumu kinachelewa kugeuka kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine na magoti yanajua. Nilivyosikia magoti nikamkumbuka fundi wangu pale pale. Ni hesabu ile ile ya mchanga wetu, uzito wako umegawanywa kwenye eneo kubwa au dogo, basi.

Na kwenye baiskeli eneo hilo unaliamua kwa upepo, hapa ndo watu wengi wanapolionea tairi pana. Wanalifunga alafu wanalijaza mpaka linalia kama ngoma, PSI 50 (PSI ndo kipimo cha upepo kwenye tairi), kama walivyozoea kujaza jembamba. Ukilijaza hivyo umenunua uzito bila faida. Angalia, mimi na baiskeli na ndoo ni kama kilo 115, kwenye PSI 50 tairi zote mbili zinagusa ardhi kama sentimita 33 za mraba, ukishusha mpaka 25 inakuwa karibu mara mbili ya hapo, na ndo unaanza kuelea. Jembamba huwezi kulishusha hivyo na mzigo nyuma, ukigonga mzizi au jiwe rimu inabana tyubu na inakuachia matundu mawili yamekaa sambamba, nimeziba sana hizo. Kwahiyo upana unakupa ruhusa ya kupunguza upepo, hiyo ndo kazi yake kubwa kuliko hata meno. Mi natembea na pampu ndogo imefungwa kwenye fremu, nikifika panapoanzia mchanga natoa, nikirudi lami najaza, dakika tano haziishi. Miiba lakini haichagui, mwiba wa mgunga unaingia kwenye yote.

Sehemu moja nawapa ushindi wa Phoenix bila ubishi, nayo ni mbuga wakati wa masika. Ule udongo mweusi unanata, tairi pana linaubeba wote, unajaa kati ya tairi na uma, ile sehemu ya fremu inayoshika gurudumu, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, unabaki unachokonoa na kijiti kila baada ya hatua kumi. Jembamba linakata tope linaenda kukutana na pagumu chini. Januari mpaka Machi mi njia ile ya mbugani siendi na langu, nazunguka juu juu kwenye kichanga hata kama ni mbali zaidi.

Kama unataka kujaribu, usiende kwenye lenye meno makubwa kila mahali, tafuta lile ambalo katikati meno yamekaribiana karibu yashikane na pembeni ndo yameachana, lile linavumilia lami kidogo. Na upime uma wako kwanza kabla hujatoa hela, la 2.35 fremu nyingi za gia zinalikubali lakini ukiweka na madigadi linaanza kusugua. Kwenye Phoenix usihangaike, rimu yake ni kubwa kuliko ya 26, halivai.

Jumamosi tunaenda kurina tena. Mdogo wangu anakuja na Phoenix ya baba, na tumeshakubaliana kabisa, kwenye mchanga ndoo zote mbili nabeba mimi, tukifika pale kwenye mwembe mkubwa lami inapoanzia namkabidhi zote anatangulia nazo mjini.