Specter alipohama chama, bei yake ikashuka

Ukisema mbunge fulani ana msimamo wa kati, wengi wanasikia popo, si ndege si mnyama, anasubiri aone upepo unaelekea wapi ndo aamue. Mi huwa naona tunawaonea hawa watu, ila ukimchukua Arlen Specter, aliyekuwa seneta wa jimbo la Pennsylvania kule Marekani, ubishi unakuwa mgumu kwelikweli maana jamaa ana ushahidi wa pande zote mbili.

Alianza siasa akiwa Democrat. 1964 alikuwa wakili kijana kwenye Tume ya Warren, iliyochunguza mauaji ya Rais Kennedy, ndo yeye alitetea ile hoja ya risasi moja kumpitia Kennedy na kumjeruhi na gavana Connally wa Texas, watu wanaibishania mpaka leo. Mwaka uliofuata akagombea uendesha mashtaka wa Philadelphia kwa tiketi ya Republican na akashinda. Seneti akaingia 1981, akakaa miaka 30, hakuna seneta mwingine wa Pennsylvania aliyefikisha hiyo.

Sasa angalia. 1987 akaungana na Democrats kumkataa Robert Bork, mtu aliyependekezwa Mahakama ya Juu na Reagan, rais wa chama chake mwenyewe. 1991 huyohuyo akambana Anita Hill, mwanamke aliyemtuhumu Clarence Thomas, mteuliwa wa Mahakama ya Juu, kwa unyanyasaji wa kingono, kwa maswali utadhani yeye ndo mshtakiwa, hadi akamtuhumu kusema uongo chini ya kiapo, na hapo mi simtetei hata kidogo. Wapiga kura nao hawakusahau, 1992 mpinzani wake wa Democrat, Lynn Yeakel, nusura amng'oe. Halafu 1999, Seneti ilipomsikiliza Rais Clinton kwenye kesi ya kumwondoa madarakani, akaenda kuchimbua sheria za Uskoti eti hukumu yake ni "haijathibitika", watu wakacheka sana.

Lakini kilichonifanya niandike ni 2009. Obama anataka bajeti ya kunusuru uchumi, dola bilioni 787, Republican wote wamegoma isipokuwa maseneta watatu tu, Specter, Olympia Snowe na Susan Collins. Bila wao haipiti. Na Specter, ambaye miaka minne nyuma aliugua saratani akawa anapigwa dawa huku anaongoza Kamati ya Sheria, akatumia nafasi hiyo kupigania dola bilioni 10 za utafiti wa tiba kwa NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, na zikatoka. Hebu niambie, wale wenye misimamo mikali wangapi wamewahi kuondoka na kitu kama hicho mezani? Nguvu yake yote ilikuwa hapo, pande zote zinamhitaji na hakuna aliye na uhakika naye.

Chama chake ndo kikamgeukia. Pat Toomey, ambaye Specter alimshinda kwa kura chache mno kwenye mchujo wa 2004 (uchaguzi wa ndani wa chama wa kumpata mgombea), akarudi, na kura za maoni zikaonyesha mzee hatoboi. Aprili 28 akahamia Democrat, akasema wazi hataki rekodi yake ya miaka 29 ihukumiwe na wapiga kura wa mchujo wa Republican. Hapo ndo alipokosea hesabu kwa maoni yangu, maana jana yake alikuwa mtu wa kubembelezwa, leo ni kura mojawapo ya Democrats inayotegemewa bila hata kuombwa. Wiki moja tu ikapita maseneta wenzake wapya wakamnyima ukongwe kwenye kamati, mtu wa miongo mitatu anawekwa mwisho wa foleni!

Obama alimuunga mkono, Biden pia, haikusaidia. Mchujo wa Democrat wa Mei 2010 mpinzani wake Joe Sestak akarusha tangazo lenye sauti ya Specter mwenyewe akisema kuhama chama kutamwezesha kuchaguliwa tena, afu ndo basi, jibu la tangazo kama hilo unalitoa wapi? Sestak akashinda mchujo, na Novemba kiti kikachukuliwa na Toomey yuleyule.