Kabla ya kutafuta mfasiri wa bei nafuu, uliza hati inakwenda wapi

Familia nyingi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinazoishi Marekani hulipia tafsiri za hati za Kifaransa zaidi ya inavyostahili, na kwa maoni yangu tatizo si uhaba wa wafasiri. Kifaransa si lugha adimu katika nchi hiyo. Wanaoweza kukifasiri kwa Kiingereza ni wengi, na ushindani wao umeishusha bei kiasi kwamba kampuni nyingi zinazofanya kazi hiyo kwa njia ya mtandao hutangaza takriban dola 20 hadi 40 kwa ukurasa, ukurasa ukihesabiwa kuwa maneno 250. Gharama hupanda kwa sababu tunamtafuta mfasiri kabla hatujajua ofisi itakayoipokea hati inadai nini, na asiyejua anachonunua huuziwa hata asichokihitaji.

Karatasi ambazo watu hutoka nazo Bukavu, Uvira au Kalemie, mara nyingi baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, au makazi ya Nakivale, Uganda, zimeandikwa karibu zote kwa Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, lakini dola yenyewe huandika kwa Kifaransa: cheti cha kuzaliwa, hati ya ndoa, hukumu ya mahakama, Diplôme d'État, yaani cheti cha kumaliza sekondari. Kwa hiyo mwenye hati mara nyingi hawezi kuisoma vizuri hati inayomhusu mwenyewe, sembuse kupima kama mfasiri ameifanyia haki. Hapo ndipo mtu anapoanza kumtegemea yeyote mwenye ofisi, kompyuta na muhuri.

Idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, USCIS, inaongozwa na kanuni fupi na iliyo wazi. Hati yoyote isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, mfasiri athibitishe kwamba tafsiri hiyo ni kamili na sahihi, na athibitishe pia kwamba ana uwezo wa kufasiri kutoka lugha hiyo kwenda Kiingereza. Kanuni haimtaki mfasiri aliyeapishwa na mahakama, haitaji leseni wala uanachama wa chama chochote, na haisemi kwamba uthibitisho huo lazima upelekwe kwa notari. Uthibitisho wenyewe ni sentensi mbili tatu chini ya tafsiri, zikifuatiwa na jina la mfasiri, sahihi, anwani na tarehe.

Naelewa kwa nini ni vigumu kwetu kuamini kwamba jambo hilo ni jepesi hivyo. Kongo ilirithi kwa Ubelgiji mfumo ambao notari ni afisa mwenye mamlaka mazito, na karatasi isiyopita mikononi mwake huonekana kama haijakamilika. Aliyeishi Tanzania naye amezoea kuona tafsiri za vyeti zikipelekwa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ili zithibitishwe. Notari wa Marekani ni mtu wa namna nyingine kabisa: kazi yake katika suala hili ni kushuhudia kwamba fulani amefika mbele yake, ameonyesha kitambulisho na ametia sahihi. Hajasoma tafsiri, na hata angeisoma, muhuri wake hausemi lolote kuhusu usahihi wake. Sheria za majimbo mengi zinaweka kikomo cha malipo yake, kama vile dola 15 kwa sahihi moja huko California na dola 2 huko New York.

Mama mmoja ninayemfahamu alipeleka hati ya ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, kila kimoja ukurasa mmoja, ili amwombee mumewe aliyebaki kambini aje kuungana naye, kwa fomu ya I-730, ambayo mkimbizi anapaswa kuiwasilisha ndani ya miaka miwili tangu kuwasili kwake. Alitozwa dola 180. Risiti aliyonionyesha ilikuwa na mistari minne: tafsiri, uthibitisho, notari na haraka. Uthibitisho ulikuwa sentensi zile mbili ambazo bila yake tafsiri haina kazi, kwa hiyo kuutoza peke yake ni kuuza kanzu kisha kuuza mikono yake. Notari hakuhitajika. Haraka nayo haikuwapo, maana muda wa kuwasilisha ulikuwa bado mrefu. Jambo linalouma zaidi ni kwamba fomu yenyewe haina ada. Serikali haikumtoza chochote, ila jirani mwenye ofisi.

Swali la hati inakwenda wapi linaweza hata kuiondoa gharama yote. Ndugu zetu wanaofungua mafaili ya uhamiaji Kanada wakati mwingine hufuata ushauri wa jamaa walioko Marekani na kufasiri kila kitu, ilhali Kifaransa ni lugha rasmi ya Kanada na idara ya uhamiaji ya huko hupokea hati za Kifaransa kama zilivyo. Vyuo navyo hutofautiana: vipo vinavyotaka tafsiri pekee, na vipo vinavyotaka tathmini ya masomo inayofanywa na taasisi maalumu, ambayo huenda ikawa na masharti yake kuhusu tafsiri. Kulipa mara mbili kwa sababu ya kutouliza ofisi ya udahili ni hasara isiyo na lazima.

Ukishajua kinachodaiwa, mfasiri wa bei nafuu mara nyingi yuko karibu kuliko unavyodhani. Mwalimu aliyesomea Bujumbura au Lubumbashi na sasa anafanya kazi kwa Kiingereza, muuguzi, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyesoma sekondari kwa Kifaransa: hawa wanaweza kukidhi kanuni ya USCIS kikamilifu, mradi wajue lugha zote mbili kweli na wakubali kuweka majina na sahihi zao. Mimi huwapendelea kuliko kampuni ya mbali kwa sababu moja ya kikazi. Wanajua kundi la vijiji, usultani na teritwari, ngazi za utawala zinazopangana katika hati ya Kongo, na wanaweza kusoma mwandiko wa karani wa Fizi ambao fotokopi ya tatu imeufanya vivuli. Tahadhari yangu ni kwamba asiwe mwombaji mwenyewe wala mtu mwenye maslahi katika faili hilo. Kanuni haiwataji, lakini afisa anayepitia faili hana sababu ya kupewa mwanya wa kutilia shaka.

Watu hawa walipwe. Tumezoea kumwambia ndugu "nisaidie kidogo tu", naye hukesha na kurasa tano za hukumu ya mahakama kwa ahsante tupu, na mwaka unaofuata hapokei tena simu. Unafuu ninaoutetea ni wa kutolipia vitu visivyohitajika. Kumnyonya anayejua Kifaransa hakumo.

Hukumu hiyo ndiyo hati inayovuruga bajeti za watu wengi. Sheria ya familia ya Kongo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Asiyeandikishwa kwa wakati hupata hati yake kupitia mahakama, kwa hukumu inayoitwa jugement supplétif, yenye maelezo marefu ya mwombaji, mashahidi na vifungu vya sheria. Kwa kuwa bei huhesabiwa kwa ukurasa, kishawishi cha kufasiri "sehemu ya muhimu" peke yake ni kikubwa, na wapo wanaokubali kufanya hivyo ili wapunguze bei. Wakatalie. Kanuni inasema tafsiri kamili, na ukamilifu huo unajumuisha mihuri, maandishi ya pembeni na hata pale mfasiri anapolazimika kuandika kwamba muhuri wa mviringo hausomeki.

Mashine za kufasiri zimepunguza kazi, na sioni aibu katika kuzitumia. Kati ya Kifaransa na Kiingereza zinatoa rasimu nzuri, na mfasiri anayeanza na rasimu hiyo ana kila sababu ya kupunguza bei. Hata hivyo mashine haiwezi kutia sahihi, na ina udhaifu mahali pale pale panapotuumiza zaidi, yaani kwenye majina. Tangu siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye asili, iliyofuta majina ya Kikristo mwaka 1972, hati ya Mkongo hubeba jina, kisha post-nom, yaani jina linaloongezwa baada ya lile la mwanzo, na siku hizi tena jina la ubatizo mwishoni. Fomu ya Marekani inajua jina la kwanza, la kati na la ukoo. Nimeona tafsiri iliyogeuza jina la baba kuwa jina la kwanza la mtoto, na nyingine iliyoitupa post-nom kabisa, na kila moja ikamfanya mtu yule yule aonekane watu wawili mbele ya karatasi zake za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Mfasiri mzuri haupangi upya mfuatano huo; huacha kila jina chini ya kichwa chake kama lilivyo katika hati ya asili. Vivyo hivyo asilimia za Diplôme d'État: 58 ibaki 58, hata kama kwa macho ya Mmarekani inafanana na kufeli, kwa kuwa kuipandisha ni kughushi na kuieleza ni kazi ya taasisi ya tathmini.

Mnapokubaliana bei, mwombe mfasiri akupe pia faili la PDF lenye sahihi yake, na ulihifadhi mahali pawili. Cheti kile kile cha kuzaliwa kinaweza kutakiwa tena kwenye grini kadi, kisha shuleni, kisha siku utakapowaombea wazazi baada ya kupata uraia, na tafsiri iliyofanywa vizuri mara ya kwanza inaweza kutumika tena bila kulipiwa upya.