Nguvu farasi za kwenye karatasi hazipandi Mai Mahiu

Jumapili iliyopita, kwenye kituo cha mafuta ambapo wengi wetu husimama kabla ya kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, alifika dada mmoja na pikipiki aina ya Yamaha R7 ambayo hata plastiki ya kioo cha dashibodi hajaibandua. Kabla hajavua helmeti, jamaa mmoja wa kundi letu alishamwambia kwamba amenunua MT-07, pikipiki ya kawaida ya barabarani ya Yamaha, iliyovishwa nguo za mashindano, na kwamba kwa pesa hizo angetafuta R6 ya mtumba, ile Yamaha ya 600 cc yenye silinda nne, apate pikipiki ya kweli. Watu wakacheka. Dada akanyamaza, akalipia mafuta, akaondoka peke yake. Hasira haijanitoka hadi leo, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba maneno yale nimeyasikia kila pikipiki hii inapoonekana.

Tuanze na namba wanazozipenda. R6 ya mwisho kuuzwa Ulaya kwa matumizi ya barabarani, kabla kanuni za moshi za Euro 5 hazijaifungia mlango mwishoni mwa 2020, ilitoa nguvu farasi 118 hivi. R7 iliyotoka 2021 ilitoa 73. Uzito ni karibu sawa: kilo 190 kwa 188, tangi likiwa limejaa. Ukiishia hapo, yule jamaa kashinda.

Lakini hizo 118 ziko wapi? Ziko kwenye mizunguko 14,500 kwa dakika. Nilikaa nikapiga hesabu kwa meno ya gia na sproketi za kiwandani. R6 ikifika mizunguko hiyo ukiwa gia ya kwanza, unakwenda zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Gia ya pili, unakaribia 150. Hakuna barabara Kenya inayoruhusu mwendo huo, na kati ya Rironi na Mai Mahiu hakuna hata sehemu ambayo mtu mwenye akili timamu angeujaribu, kukiwa na matrela, matatu na mbuzi wanaovuka. Kwa hiyo nguvu unayojivunia kituoni huitumii. Umeilipia, umeipigia picha, na inakaa juu kabisa kwenye mshale wa mizunguko, ambako hufiki.

Sasa tazama nguvu ya kuvuta, ambayo ndiyo mkono wako unaihisi unapofungua mafuta. Hupimwa kwa nyutonimita (Nm). R6 inatoa Nm 61.7 kwenye mizunguko 10,500. R7 inatoa Nm 67, tena kwenye 6,500. Ile "dhaifu" inavuta zaidi, na inaanza mapema zaidi! Chukua gia ya tatu, mwendo wa kilomita 94 kwa saa. R7 iko pale pale kwenye kilele chake. R6, mwendo huo huo na gia hiyo hiyo, mshale wake uko kama 7,700, bado inasubiri mizunguko karibu 3,000 zaidi ndipo ifike kwenye kilele chake.

Hili halihitaji hesabu ukiwa nyuma ya lori la shehena linalopanda kutoka Mai Mahiu. Lori linatambaa, moshi wake unaingia ndani ya helmeti, na upande wa pili nafasi inafunguka kwa sekunde chache tu. Kwenye R7 unabaki gia uliyo nayo, unafungua mafuta, mashine inasukuma, umepita, umerudi upande wako. Kwenye 600 ya silinda nne unashusha gia mbili, unapiga resi, unasubiri mashine iamke, na ikiamka inaamka yote kwa mpigo. Mwenzangu mmoja, 600 yake iliamkia katikati ya kona yenye mchanga. Tairi la nyuma likateleza, likashika tena, akanusurika kurushwa. Ni mwendeshaji mzuri kuliko mimi, na siku ile ustadi wake wote uliishia kwenye kusawazisha pikipiki isimwangushe.

Tena namba zote hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, Limuru imepita 2,000. Hewa huku ni nyepesi, na mashine yoyote isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) inapoteza sehemu ya nguvu yake. Zote mbili zinapoteza, sibishi. Ila ile ambayo kwenye mizunguko ya chini ilikuwa na kidogo inabaki na kidogo zaidi, na kwenye mizunguko hiyo ndiko tunakoendeshea.

Wanaosema R7 ni MT-07 yenye nguo hawajapiga magoti wakaangalia. Mashine ni ile ile, ndiyo: silinda mbili, 689 cc, krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) iliyopangwa kwa nyuzi 270, ndiyo maana milio yake haifuatani sawasawa na tairi la nyuma linashika lami vizuri unapotoka kwenye kona. Lakini shokapu za mbele ni nyingine kabisa, za milimita 41, unazirekebisha zote kulingana na uzito wako na barabara yako. Klachi inaachia kidogo unaposhusha gia kwa haraka, tairi lisifunge. Ukisema hayo ni mapambo, basi hujawahi kuingia kona ya kuteremka huku lami imejaa mawimbi ya matairi ya malori.

Makosa R7 inayo, na nitayasema. Kuuza pikipiki ya 2021 bila mfumo wa kuzuia tairi la nyuma kuteleza, wakati Aprilia RS 660 ilikuwa nao pamoja na vihisi vinavyopima pikipiki inavyolala kwenye kona, ilikuwa aibu. Yamaha wamesubiri hadi toleo la 2026 kulirekebisha. Tangi la lita 13 ni dogo. Mkao wake unakulaza mbele, na foleni ya Waiyaki Way itakuvunja viganja.

Na ndiyo, R6 ikipita mizunguko 12,000 sauti yake inanisimamisha nywele. Sitakana. Honda nao waliirudisha CBR600RR Ulaya mwaka 2024, nguvu farasi 121 kwenye mizunguko 14,250, na nimefurahi kwamba aina hiyo ya mashine haijafa. Kwenye uwanja wa mashindano, ambako hakuna anayekuja upande wako na kona unairudia mpaka unaijua, ningeichukua R6 kesho asubuhi.

Kwa dada yule, kama unasoma haya: pikipiki yako haina kasoro waliyoitaja. Kilomita za kwanza nenda taratibu, matairi mapya huwa na utelezi. Tafuta fundi akupangie shokapu kwa uzito wako, maana za kiwandani hazikupangwa kwa ajili yako, utaona tofauti kwenye matuta ya kwanza tu. Na ukitaka watu wa kuteremka nao Naivasha, wapo tunaoondoka mapema zaidi, kabla malori hayajajaa.