Sola ya maji ya moto Arusha: jua lipo, kazi iko kwenye maji na mwenye nyumba

Kuna hoja watu wanaipenda sana, kwamba kama Uingereza huko wanafunga sola za kuchemshia maji, na jua lao lenyewe la kubahatisha, sisi Arusha tulio nyuzi 3 hivi tu kutoka ikweta tunangoja nini. Sawa, ila jua letu nalo lina maringo. Mwezi wa sita na wa saba baridi inapobana ndio mawingu yanalala juu ya mji, Mlima Meru huuoni kutwa nzima, halafu Januari maji yanaunguza huko juu ya paa na hakuna anayeyataka.

Tuje kwenye hela. Shawa za umeme nyingi ni wati 5,500, dakika 10 inakula kama yuniti 0.9, watu wanne kila siku ni karibu yuniti 110 kwa mwezi, hapo ile nafuu ya bei ya umeme kwa wanaotumia yuniti 75 kwa mwezi au pungufu umeshaiaga, na kwa shilingi 350 hivi kwa yuniti ni kama elfu 38 ya kuoga tu, bado friji na pasi. Kwa familia kubwa yenye nyumba yake mimi niko upande wa sola kabisa.

Ila hapa ndipo watu wanapigwa. Sola ya kawaida, ile ya mirija ya kioo, haina pampu, maji ya moto yanapanda yenyewe kwenye tangi lake na ya baridi yanaingia kwa kushuka tu, kwa hiyo simtanki lazima likae juu zaidi ya hilo tangi, na ukishaanza kujenga mnara bajeti imebadilika. Maji ya mtaani nayo yakikatika siku nyingi mpaka simtanki likaisha, mirija ya kioo inaweza kukauka juani, saa nane yanarudi ya baridi, paah! kioo kinaweza kupasuka. Muulize fundi hilo kabla hujampa advansi, akianza kujiumauma tafuta mwingine, au chukua ile ya bapa yenye mabomba ya shaba, inavumilia zaidi.

Mpangaji ndio habari nyingine. Paa sio lake, na mwenye nyumba halipi umeme wa LUKU wa mtu, sasa afunge sola ya nini? Labda apandishe kodi. Kama umepanga nunua tu shawa, oga dakika tano badala ya kumi, siku ukihama unaifungua na bisibisi unaondoka nayo.